Mkono wa Mama Ukutani

Krr, krr, krr. Mpaka leo nikitulia naisikia: mgongo wa kijiko ukisugua karatasi juu ya ubao uliopakwa wino. Mashine ya kuchapia sikuwa nayo. Nilikuwa na kijiko cha mama cha kupakulia na kiwiko changu, na kiwiko kilikuwa kimechoka kuliko kijiko.

Mama anauza uji na vitumbua Kariakoo, uchochoroni nyuma ya maduka ya vitenge. Asubuhi namsaidia, mchana naenda Ilala kwa fundi seremala aliyenipa kona ya kuchongea picha kwenye mbao. Shule niliishia kidato cha nne. Kuchora nilifundishwa na katuni za Kijapani, utotoni, nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya jirani yetu mwenye televisheni. Wenzangu walipenda ngumi. Mimi nilipenda wale watu wanapokula: bakuli linafuka mvuke, upepo unapita, hakuna anayesema kitu, na mtu anakitazama chakula chake kwa macho makubwa kama visahani. Nilikuwa nawaza, mbona haya tunayo kila siku uchochoroni kwetu?

Basi dada mmoja mwenye ukumbi mdogo wa maonesho mjini aliponipa kuta zake, nilichonga Kariakoo kwa macho yale. Kuli kalala juu ya marobota. Muuza kamba za viatu kasimama kwenye upepo. Na picha kubwa kuliko zote, mama akimpa kuli kikombe cha uji. Hiyo ilinila wiki tatu na ngozi ya vidole viwili.

Mama hafungi biashara siku ya kazi, hata akiumwa. Siku ya ufunguzi alifunga. Alikuja na khanga mpya, miguu imevimba kwa ngazi, akasema, "Haya, nionesheni huyo mimi."

Vijana wapenda katuni walikuwa wamejaa, wengine nywele za bluu. Wakamwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, akaitazama picha.

"Macho yote haya ya nini? Nimeona jini?"

Wakacheka, na yeye akacheka. Nikahisi uchovu wa wiki tatu unanishuka mabegani. Kisha nikaona kicheko chake kinakatika. Akasogea karibu na ukuta, akaunyanyua mkono wake wa kulia, akautazama, akaitazama picha tena.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mimi huwa nampa mtu chakula kwa kushoto?"

Ubao ukichapwa, kila kitu kinageuka. Najua hilo kama ninavyojua jina langu. Kibao cha duka nyuma ya mama, kile cha JUMLA NA REJAREJA, nilikichonga kinyumenyume herufi moja moja ili kisomeke vizuri, nikajisifu mwenyewe. Mkono sikuukumbuka. Niliuchonga wa kulia, ukatoka wa kushoto.

Dada mwenye ukumbi akasema, "Mama, hii ni sanaa. Hakuna atakayeona."

"Mimi nimeona."

Hakupandisha sauti. Vijana wakamwomba apige nao picha mbele ya ukuta, akakubali, maana hajui kumnyima mtu kitu. Alisimama katikati yao akitabasamu, mkono wa kushoto kaufunika ndani ya khanga.

Tukiwa kwenye ngazi za kushukia nikamwambia nitachonga upya. Akanishika kidole kilichochubuka. "Kwa vidole hivi? Acha. Ila wateja wangu wakija, wataniona mtu wa namna gani?" Tulipofika chini alikaa kwenye ngazi ya mwisho kupumzisha miguu, nami nikakaa pembeni yake. Ingekuwa katuni, pale ungepita upepo.

Usingizi haukuniletea jibu. Jibu nilikutana nalo asubuhi nikikoroga uji. Ubao. Kwenye ubao wenyewe mkono ni wa kulia.

Nilipitia Ilala, nikaufunga kwenye khanga kuukuu, nikaubeba begani mpaka mjini. Dada aliniachia ufunguo, akaenda kutafuta chai. Nikaishusha ile picha iliyokuwa kwenye fremu, nikaiegemeza chini, uso ukutani. Nikaupandisha ubao ukutani mahali pake, mweusi kwa wino, makovu ya patasi yote yanaonekana. Kibao cha duka sasa kilikuwa hakisomeki hata kidogo. Basi, nani hajui duka la jumla.

Mkononi mwa mama wino ulikuwa umeganda kwenye michirizi ya vidole. Nikalowesha pembe ya khanga kwa mate, nikaufuta ule mkono wa kulia, taratibu, mpaka ubao mtupu ukaonekana.