Mazuku Haichukui Mtu Mmoja

Nilipokuwa mtoto, mji wetu ulikuwa safu mbili za nyumba za mbao kando ya barabara ya kutoka Goma kwenda Sake. Wazee wetu walikuwa wameteremka kutoka milima ya Masisi, wakavunja mawe ya volkano kwa nyundo na kupanda maharagwe na viazi katikati yake. Udongo mzuri ulikuwa ndani ya mashimo mapana, ambako majani yalimfika mtu mzima kifuani. Kila mwenye mbuzi aliyatamani majani yale, na kila mtu aliyaogopa.

Mashimo yalikuwa na mazuku. Tuliambiwa ni wafu wasio na kaburi, wanaokaa humo usiku kucha na kuondoka jua likiwafikia. Asubuhi tulikuta ndege wamelala ndani, wamekufa bila jeraha.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa baba, ndiye aliyepima shimo la mtaa wetu. Alifunga majani makavu kwenye ncha ya mti mrefu, akayawasha na kuyashusha polepole. Moto ukizimika, alikaa kwenye jiwe akangoja. Ukiendelea kuwaka, aliita watu waje kukata majani. Kijana mmoja aliyesukuma chukudu, baiskeli yake ya mbao ya kubebea kabichi, alizoea kumchokoza.

"Koko, kila siku unawashia mazuku moto. Bugali utawapikia lini?"

"Siku utalala mule. Nitapika ya matanga."

Asubuhi moja yenye ukungu, mbuzi mdogo wa Riziki alikata kamba. Riziki alikuwa mdogo wangu, miaka saba, na baba alikuwa amempa mbuzi huyo kwa kufaulu mwaka wa kwanza wa shule. Nilimwona akishuka shimoni nyuma yake. Nilimwita arudi.

"Niko namuona," alisema. "Ni hapa tu."

Kisha majani yakaacha kutikisika.

Nilikimbia kumwita mama. Alikuja bila viatu, lakini Koko, aliyekuwa karibu na shimo, alimwahi ukingoni. Alimkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili juu ya mawe. Koko alikuwa mwembamba, ila alikuwa amelima maisha yake yote.

"Mama, uniachilie. Ni mutoto wangu."

"Najua."

"Ananiita. Nimemusikia."

"Siyo yeye. Mazuku haichukuake mutu moja. Inachukuaka wa kwanza, na sauti yake inaita wa pili."

Mama alimuuma mkono. Damu ilitoka, Koko akaendelea kushika. Alinitazama juu ya bega la mama.

"Na wewe, kaa chini."

Nikakaa.

Wanaume walifika, wakasimama pamoja nasi. Walimtoa Riziki saa nne, jua lilipoingia shimoni na moto ulipokubali kuwaka. Ni Koko aliyeupima, kwa mkono uleule ulioumwa. Riziki alikuwa amelala kifudifudi, kipande cha kamba mkononi.

Kwenye matanga, wanawake waliokuwa wanamenya viazi walisema bila kushusha sauti sana.

"Mwenye kujua mlango ndiye mwenye ufunguo."

"Alimutoa kafara. Mutu gani anashika mama wa mutoto?"

Mama hakula tena chakula cha chungu cha Koko. Waliishi kiwanja kimoja kwa miaka, na sisi watoto ndio tuliobeba maneno kati ya nyumba mbili. Koko aliendelea kupima shimo. Kijana wa chukudu alipita bila kumtania. Koko alipokufa, mama alipika kwenye matanga yake kuanzia asubuhi hadi jioni.

Siku hizi mji ule umeshikana na Goma. Waliokimbia vita wamejenga mpaka kwenye kingo za mashimo, na wengi hawajui kuna nini humo. Mtaalamu mmoja wa volkano alinieleza kwamba ni gesi, nzito kuliko hewa. Hukusanyika chini usiku, huzima moto, humwangusha mtu kwa pumzi chache. Mara nyingi, alisema, anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kuokoa.

Nilimpelekea mama maneno hayo nyumbani kwake Ndosho. Alikuwa anachambua maharagwe.

"Kama Koko angekuachilia, mungekufa wawili," nilimwambia.

"Ile najua tangu siku ile. Siyo ile nauliza." Alitupa kijiwe kando. "Wewe ulikuwa pale. Aliniita, ao hapana?"

"Hapana, mama. Sikusikia kitu."

Nilisikia. Ilikuwa mara moja, neno moja, na lilikuwa "mama." Koko naye alisikia, kwa sababu ni hapo alipokaza mikono. Alijua mtoto bado alikuwa na pumzi, na alijua pia kwamba hakuna aliyeweza kumfikia na kurudi. Kwa hiyo alisema siyo yeye. Nilimchukia kwa sentensi hiyo kwa muda mrefu kuliko nilivyomchukia kwa kumshika mama. Sasa naona ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa mkwe wake pale juu ya mawe, na mkwe wake hakukipokea. Mimi nimempa tena, kwa maneno mengine. Mama aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua, na sijui kama ameniamini.