Siku Niliyomfisha Mamdogo

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi ningekuwa mtu mwingine ningejicheka, ila nawaomba msinicheke mbele ya mamdogo wangu wa Mkumbara, kwa sababu yeye ndiye niliyemuua. Nilimuua kwa mdomo, asubuhi kweupe, nimesimama mlangoni kwangu Masuguru, hapa Korogwe, na mkoba begani, na mpaka leo nikikumbuka uso unanipata moto.

Ilikuwa hivi. Nilijifungua mtoto akiwa ameshafariki. Baba Shani, mume wangu, anafanya kazi kiwanda cha mkonge kule Ngombezi, yeye na wanaume wachache wakaenda kuzika, wakarudi, basi. Kwetu mtoto wa namna hiyo hakaliwi matanga, kwa hiyo watu wakapita kunipa pole, "Mungu atakupa mwingine," na mara nikaonekana nimechelewa kurudi kwenye shughuli zangu. Nikarudi. Nikawa nauza maandazi, nacheka na wateja, halafu naingia chooni na ndoo ya maji, nayamwaga taratibu ili Baba Shani asinisikie ninavyolia. Usingizi ukanikimbia. Kuna siku Shani, binti yangu mwenyewe, alikuwa ananisimulia mambo ya shule na mimi namwangalia mdomo tu, sisikii hata neno, nikaogopa kwamba sasa nampoteza na huyu aliye hai.

Nesi wa kliniki akaniambia kuna mama mnasihi Handeni, anakaa na wanawake waliofiwa na watoto, wanaongea. "Ni kuongea tu, dada, hakuna sindano." Nikakubali. Shida ikawa naaga vipi, maana mtaani kwetu ukisema unakwenda kwenye ushauri nasaha, wa kwanza atasema umepima ukakutwa nao, wa pili atasema umerukwa na akili, na wa tatu atakuja kukutazama vizuri ili akasimulie.

Basi siku hiyo natoka, nimevaa baibui, nakutana uso kwa uso na Mama Hadija anafagia. Mama Hadija ni jirani yangu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana (shikeni hapo, ndipo nilipojimaliza).

"Wapi tena asubuhi yote hii, Mama Shani?"

Sijui ulimi ulinitelezaje. Nikasema, "Msibani, Mkumbara. Mamdogo amefariki."

Niliona nimepata akili kubwa, kwa sababu mfiwa hasimamishwi njiani wala haulizwi maswali. Akaniambia "Nenda mwanangu, nenda," machozi yanamlengalenga, nami nikaenda zangu kupanda gari la Handeni, nimesahau kabisa kwamba mwanachama akifiwa na mamdogo wake, kwa kikundi chetu hiyo ni amri ya kuondoka. Tena sisi Waislamu hatulazi maiti, mtu anazikwa siku hiyohiyo, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na muda wa kupiga simu kuuliza hili na lile. Na hata wangepiga wasingenipata, maana mnasihi alituzimisha simu wote.

Kule Handeni, sitawaficha, nilipumua. Wanawake tusiojuana, kila mmoja na lake. Zamu yangu ilipofika nikalitaja jina nililomchagulia mwanangu akiwa tumboni, Zuhura, sikuwa nimewahi kulitamka mbele ya mtu, nikalia bila ndoo. Nikatoka najihisi mwepesi, nikawasha simu, na haikupita muda ikaita. Mamdogo.

"We mtoto, mimi nimekufa lini?"

Nikakaa chini hapohapo.

Njia nzima kurudi Korogwe, na kutoka Korogwe mpaka Mkumbara, nilikuwa naomba gari liharibike. Halikuharibika. Nilivyosimuliwa ni kwamba wanawake walikodi kirikuu, wakapakia kuni, mchele na masufuria ya kikundi, wakashuka kwa mamdogo wanalia. Mama Hadija nyumba aliikumbuka tangu tulipokuja hapo harusini, sura ya mwenye nyumba ndiyo hakuikumbuka. Akamkuta mama mmoja anapepeta mbaazi, akamwangukia shingoni, "Pole dada, ametutoka!" Na mamdogo, masikini, akaangua kilio naye, akijua kuna mtoto wake amepata ajali huko. Wakalia, wakalia, ndipo akauliza, "Jamani, ni nani?"

"Si mwenye nyumba hii, mamdogo wake Mama Shani!"

"Mwenye nyumba hii ni mimi."

Inasemekana kuna mmoja alitimua mbio mpaka barabarani, kandambili akaziacha uani.

Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye mkeka kimya, moto haujawashwa. Na Baba Shani yupo! Taarifa ilimfikia kiwandani, akaomba ruhusa, akaja na kanzu yake kumzika mkwe. Hakunisalimu. Alisema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ulikuwa wapi?" na nikaona kabisa anachofikiria, nikaona wote wanafikiria hichohicho. Mwanamke anayezusha kifo ili atoke nyumbani anakwenda kwa nani?

Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi niseme, mbele za watu wote hao. "Handeni. Kwa mnasihi. Nalia kila siku na siwezi kunyamaza. Namlilia mtoto."

Mama Hadija ndiye aliyeanza, na alinipa zangu: kifo hakichezewi, nimewatia aibu, nimemliza mama wa watu bure. Nilistahili kila neno. Baba Shani akakaa kizingitini na kanzu yake, akainamisha kichwa, akasema, "Yale maji ya chooni nilikuwa nayasikia. Sikujua niseme nini."

Mama Hadija akashusha pumzi, akaniuliza, "Alikuwa wa kike?"

"Wa kike. Zuhura."

Akawageukia wenzake. "Washeni moto. Mchele umeshafika, na msiba upo."

Wakapika. Wakanikalisha katikati ya mkeka kama anavyokalishwa mfiwa, wakamlilia mwanangu, na mamdogo akapiga kelele kutoka jikoni kwamba na yeye apakuliwe, amekufa tangu asubuhi hajatia kitu tumboni.

Lakini msidhani aibu iliishia hapo. Mpaka leo nikipita sokoni wananiuliza mamdogo hajambo au tuandae kuni. Nimeapa, sitasingizia tena kifo hata cha kuku. Siku za Handeni nasema ninakwenda Handeni, na Mama Hadija, ambaye hajui kunong'ona, anaweka ufagio chini na kuuliza mtaa mzima usikie, "Kwa mnasihi?"

Naona aibu, jamani, naona aibu kila mara. Halafu naitika, "Ndiyo, kwa mnasihi."