Mama anaenda Antaktika, na haendi mikono mitupu

Watu wangu, leo mama yangu amemnyamazisha wakala wa safari hapa Saint Louis Park!

Amestaafu unesi kule Coon Rapids, sasa anataka kwenda Antaktika kwa meli. Mimi nilimpeleka tu ku-book.

Wakala akatandaza ramani, akatuonyesha mahali abiria watashuka nchi kavu.

Mama akauliza, "Tukishuka, nani atatupokea?"

Wakala akacheka. "Huko hakuna mtu. Ni pengwini tu."

Mimi nikaangalia viatu vyangu. Aibu, jamani!

Mama hakucheka. Akaweka kidole juu ya alama ndogo ya nyumba. "Na hapa?"

"Hicho ni kituo cha watafiti. Wanakaa miezi mingi bila kuona mgeni."

"Basi hao ndio wenyeji wetu. Wanakunywa chai?"

Wakala akainua simu, akawauliza wenye meli. Jibu: majani ya chai yanaruhusiwa, na watafiti watafurahi sana!

Nani mwingine ana mama kama wangu? Semeni!

Mwishoni nikamjazia fomu. Iliuliza sababu ya kutembelea kituo. Nikataka kuandika "utalii".

Mama akanishika mkono. "Andika, kuwajulia hali."