Batafunga: Habari ya Robine ya Bagira

Enzi zetu kule Bagira habari hazikusomwa, zilichotwa. Ulikwenda robine, bomba la mtaa, na ndoo tupu, ukarudi na maji kichwani na mambo ya mtaa mzima masikioni. Nani amejifungua, nani amefiwa, muuzaji gani anachanganya sambaza, vidagaa vya ziwani, za jana na za leo, mwalimu yupi ana fimbo nzito, dawa ya kikohozi iko kwa mama gani. Nyinyi mliokulia kule mnanielewa. Wanangu wanafungua bomba jikoni, tena wananuna kwamba maji ni ya baridi.

Sisi wasichana tuliipenda zamu ya jioni. Tulipanga ndoo kwenye mstari, kila moja na alama yake, tukaziacha zisimame foleni badala yetu, nasi tukaenda kuteleza juu ya magome ya migomba kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Nguo zilirudi nyekundu nyuma, na mama zetu walijua bila kuuliza. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Binti wa kuteleza ataolewa mu matope." Kisha tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo yenye mawese, tumekaa karibu na mbabula ya makaa, na mvua ikipiga bati tulikuwa hatusikilizani hata tukipiga kelele.

Lakini nisiwadanganye. Utamu wote ule ulikuwa na woga ndani yake, kama kijiwe ndani ya mchele. Shuleni tuliimba na kucheza kumsifu Guide, ndivyo rais alivyojiita, hadi jasho likatutoka, halafu nyumbani Papa alifunga dirisha kwanza ndipo aseme kwamba sukari imepanda bei. Jina langu la ubatizo lilisemwa kwa sauti ndogo, maana majina ya kizungu yalikuwa yamekatazwa; robineni nilikuwa Nabintu tu. "Ukuta iko na masikio," Mama alituambia, "na masikio iko na mushahara." Tulicheka, lakini tulijua kwamba hatanii.

Kila robine ilikuwa na mwenye habari wake. Wa kwetu alikuwa Mama Furaha, jirani wa ukuta mmoja na sisi, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kila jambo alilianza kwa maneno yaleyale: "Miye sikusema, lakini..." Baada ya hapo alisema yote. Nilimpenda. Ukiwa na homa yeye ndiye alifika wa kwanza, na ukiwa na aibu pia yeye ndiye alifika wa kwanza.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumnyamazisha. Alikuwa mke wa askari, mgeni kutoka mkoa wa mbali wa Équateur, tukamwita Mama Boende kwa jina la mji wake. Alisema Lingala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Akitokea na ndoo yake, mazungumzo yalikufa, ikabaki sauti ya maji peke yake. "Mbote," alisalimu. Tuliitikia kwa midomo tu. Akina mama walimpisha achote wa kwanza, naye labda alidhani ni heshima. Haikuwa heshima. Walitaka aondoke.

Basi siku moja mchana Mama Boende akaja robineni bila ndoo. Wakati ule askari walikuwa wameongezeka mjini, na ilisemwa kwamba wanatafuta watu wa msituni, waasi wa kule milima ya kusini. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Furaha, akamwinamia na kusema, "Lobi bakokanga..." Papo hapo askari wawili wakatokea kwenye kona. Mama Boende akalimeza neno lililobaki. Akaweka mkono mmoja juu ya mwingine, haraka, kama mtu anayeonyesha msalaba, akageuka akaenda zake bila kuaga.

Lingala ya akina mama wa pale ilikuwa ya nyimbo na ya amri za askari. Hiyo iliwatosha. Lobi ni kesho. Kokanga ni kufunga. "Asema kesho batafunga," Mama Furaha alisema, na uso wake ukabadilika. Hakuna aliyeuliza watafunga nini. Neno hilo, kwao na kwetu, linafunga mlango na linafunga mtu. Tena wote tulikuwa tumeiona ile mikono iliyopishana, na kwa macho yetu ilikuwa mikono ya mtu aliyefungwa kamba.

Nilipofika nyumbani na maji, habari ilikuwa imenitangulia na imenenepa njiani. Robineni ilikuwa batafunga. Kwenye njia ya kanisa ikawa batafunga wanaume. Mlangoni petu ilikuwa batafunga wanaume wote wa Bagira, nyumba kwa nyumba, na wataanza na mafundi, kwa sababu mafundi ndio wanaotengeneza bunduki za watu wa msituni. Papa alikuwa fundi seremala. Katika maisha yake alitengeneza vitanda, milango na majeneza.

"Nikimbie nini? Nilifanya nini?" Papa aliuliza.

"Na benye balifungwa, balifanya nini?" Mama alimjibu. "Enda Sange, kwa dada yako. Ikitulia utarudia."

Papa aliondoka jioni ile ile, msumeno ukiwa kwenye mfuko, kama mtu anayekwenda kazini. Alipanda lori la wafanyabiashara waliokuwa walale njiani, washuke bondeni alfajiri kuchukua mchele. Hakunikumbatia, aliniambia tu, "Chunga mama yako." Nilimwangalia hadi kona, nikiomba asigeuke, maana niliogopa mtu akimwona anageuka atajua kwamba anakimbia.

Kesho yake Bagira ilikuwa mji wa wanawake. Tulikaa ndani, tukisikiliza viatu. Kila aliyepita nje alitukata pumzi, hata mbuzi. Hakuna aliyekuja. Mchana tulisikia watoto wa jirani wameanza kucheza, na jioni dereva mmoja akaleta habari: askari walilaza mti katikati ya barabara ya bondeni, chini ya mteremko wa Ngomo, wakaifunga njia. Malori yote yalisimamishwa, na kila mwanaume asiye na karatasi ya safari alishushwa na kupelekwa kambini. Papa hakuwa na karatasi.

Hapo ndipo Mama alipoielewa ile mikono. Haikuwa ya mtu aliyefungwa, ilikuwa ule mti uliolazwa juu ya barabara. Alikaa kizingitini. "Nyamuzinda, Mungu wangu," alisema, "ni miye nilimutuma mu mikono yabo."

Robineni walikuwa tayari wamempata mwenye kosa. "Miye sikusema," Mama Furaha alisema, "lakini ule mwanamuke alitutega." Mama aliosha uso, akafunga kitenge vizuri, akanishika mkono na kwenda moja kwa moja kwenye mlango wa Mama Boende. Sikuwahi kumwona mtu yeyote wa mtaa wetu akibisha pale. Nilibanwa na mkojo kwa woga, na nilikuwa nimeshapita umri wa mambo hayo.

"Mama," Mama alisema mlango ulipofunguka, "bwana yangu alikuwa mu lori. Balimufunga."

Mama Boende alijishika kichwa. "Nzela," alisema. "Nilitaka kusema nzela. Njia. Njia, mama. Bale basoda balipita, nikaogopa."

Mama alimwangalia. "Weye, bibi ya askari, unaogopa basoda?"

"Nalala na mumoja," Mama Boende alisema. "Najua."

Hakuuliza mengi. Jina la Papa, kazi yake, lori la nani. Akamfungua mtoto wake mgongoni, akamfunga mgongoni kwangu, akatoka na Mama kuelekea kambini. Nilibaki katika nyumba ile, na iliniogopesha kwa sababu ilikuwa sawa na ya kwetu: mbabula ileile, mkeka uleule, bati lilelile linalovuja pembeni. Nilimtikisa yule mtoto hadi giza likaingia, nikiogopa akilia nitaulizwa nimemfanya nini.

Papa alirudi baada ya siku nyingi. Alirudi bila viatu na bila msumeno, na vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunyooka tena. Kitu cha kwanza alichotengeneza alipoweza kushika nyundo kilikuwa kigoda, akampelekea Mama Boende mwenyewe, mchana kweupe, mtaa mzima ukiangalia. Tangu hapo yeyote aliyeingia kwetu na habari, Papa alimkatiza: "Maliza neno. Batafunga nini? Banani? Wapi?" Hata Mama Furaha alijifunza kumaliza maneno yake, ingawa ilimuuma. Na askari yule alipohamishwa, Mama alilia akimsindikiza Mama Boende zaidi ya alivyowahi kulia kwa ndugu.

Leo habari inafika hata kabla hujaamka. Vijana wetu wanajua yaliyotokea Kinshasa na Paris kabla ya chai, lakini waulize jirani wa pili anaitwa nani, watakutazama kama umewaomba kodi. Nami wameniweka katika kundi la mtaa kwenye simu. Juzi mtu aliandika humo: "Mujichunge, banakuja." Hapakuwa na jina, namba tu. Moyo wangu ukarudi Bagira. Niliandika: banani? wapi? Niliona wamesoma, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejibu. Nilimwamsha mwanangu, akacheka. "Maman, ile ni ya kawaida. Mutu anatuma, na weye unatuma."

Mama yangu alikuwa na mlango wa kubisha, na nyuma yake mtu wa kumwambia kwamba naye anaogopa. Mimi nilikaa hadi asubuhi na simu mkononi, mlango nimeufunga kwa komeo mbili, na sijui hadi leo ni nani kati ya majirani zangu aliyekuwa macho.