Ua la Mama na Krismasi Zetu Zote

Kama ulikulia Kitengela kabla ya mageti na kuta za mawe, huhitaji kuelezwa. Unakumbuka nyumbu wakivuka barabara asubuhi tukienda shule, na hakuna aliyeshangaa. Unakumbuka vumbi la Januari, lile linaloingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa, na mpira wa karatasi za nailoni tuliochezea kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mama akuite kwa jina la ubatizo, ujue mambo yameharibika. Watoto wa siku hizi ukiwaambia mchezo wetu haukuhitaji chaji, wanakuonea huruma.

Lakini leo nimekumbuka sebule. Sebule ya enzi zetu haikuwa ya watu wa nyumba. Ilikuwa ya wageni, hasa pasta. Sisi tulikaa jikoni na moshi, tukila githeri kwa sahani za bati. Viti vya sebuleni vilivaa vitambaa vyeupe alivyofuma mama kwa mkono wake, na pazia lilifungwa kutwa ili jua lisivipaushe. Ukionekana umesimama mlangoni unachungulia, unaulizwa, "Wewe ni mgeni?"

Ndani ya giza hilo, kwenye debe la mafuta ya kupikia, uliishi mmea wa mama. Mama alizaliwa Illasit, kule chini ya mlima, ambako watu hulima mahindi na vitunguu. Alipoolewa huku kwetu kwenye ng'ombe na vumbi, alikuja na kipande cha isale alichokikata kwenye mpaka wa shamba la mama yake. Isale lina majani marefu, mapana, yanayoinama kama ya mahindi. Nje lisingemaliza siku, maana mbuzi wetu walikuwa wanatafuna hata kamba ya kuanikia nguo. Basi likaingizwa sebuleni, likawa mgeni wa kudumu.

Nyanya wa Illasit naye alikuwa na isale lake ndani ya nyumba, dirishani, na liliwahi kutoa maua mama akiwa mtoto mdogo. Sura ya maua hayo hakuikumbuka kabisa. Alikumbuka harufu. Alitusimulia huku akipangusa majani kwa kitambaa chenye maziwa ili yang'ae. "Jioni yakifunguka," alisema, "mtu akiingia anashika kichwa. Baba yangu alikuwa anabeba kiti chake anaenda kukaa nje." Anacheka, halafu anarudia kupangusa. Mama hakuwa mtu wa kulilia kwao, lakini alikuwa amepakumbuka sana. Illasit ilikuwa mbali, ng'ombe hawana likizo, na nyanya alifariki bila mama kukaa naye tena hata wiki moja ya maana. Kitu alichotaka ni ile harufu, aisikie ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana alihangaika. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa isale, makapi ya majani ya chai yakaenda kwa isale. Baba, mtu wa ng'ombe hasa, akimwona na kile kitambaa anauliza, "Sasa ndama alale njaa ndio mti uoge?"

Kisha inafika Desemba. Katika Kitengela ile ya nyasi na migunga, mti wa Krismasi ungeutoa wapi? Tulilipamba isale la mama. Tulibandika pamba iwe theluji, theluji ambayo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuiona, tukafunga baluni, na kileleni nyota ya karatasi ya kung'aa. Ili wageni waone vizuri, debe lilipandishwa juu ya meza, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu dari yetu ilikuwa ya chini na nyota haikupata nafasi. Basi baba anapanda stuli na sime yake, anakata kichwa cha mmea, sisi tunapiga makofi, na jikoni chapati zinanukia. Mama ndiye aliyekuwa akishika stuli. Ndiyo siku pekee tuliyoruhusiwa kukalia vile viti, kwa hivyo wala usishangae kwamba tuliipenda ile sime.

Januari mmea unachipua pembeni, mama anarudi na kitambaa chake. "Mwaka huu litatoa," anasema. Halikutoa. Tulienda bweni, tukaolewa, baba akapumzika, na isale halikutoa kitu.

Sasa niko na nyumba ya kupanga hapa Noonkopir, ghorofani, dirisha linachukua ukuta mzima na pazia ni wavu mtupu. Nilichukua tawi kwa mama nikalipanda. Binti yangu Naserian, ambaye haoni aibu kulala kwenye kiti cha wageni na miguu juu, alikataa katakata liwe mti wa Krismasi. "Mami, hiyo ni ushamba." Akataka wa plastiki kutoka supamaketi. Nilinuna siku nzima. Krismasi gani ya plastiki jamani? Lakini plastiki ikakaa kwenye kona, isale likabaki dirishani na kichwa chake, jua likilipata kila asubuhi.

Majuzi likachomoza kijiti kirefu kileleni, katikati ya majani, kimejaa vifundo vyeupe. Nilipiga kelele. Naserian alipekua simu yake, na bila kuinua macho akasema, "Inatokea kwa kichwa, Mami. Ukikata kichwa, umekata maua." Niliketi chini. Krismasi zetu zote zilinirudia, pamoja na makofi.

Nilienda kumleta mama siku hiyohiyo, na nilienda na wasiwasi. Miaka ya karibuni aliugua homa mbaya, akapona, lakini pua yake haikupona. Maziwa yanaungua mbele yake na hajui. Jioni tulimketisha kando ya mmea. Maua yakafunguka, harufu ikajaa nyumba mpaka kwenye ngazi. Mama akainama, akavuta pumzi. Akavuta tena. Akanitazama, akatikisa kichwa. Kisha akalifuata shina kwa macho mpaka juu.

"Kumbe yanatokea hapo," alisema. "Na mimi ndiye nilikuwa nashika stuli."

Niliumia mpaka nikajuta kumleta.

Ndipo Naserian akatoka chumbani ameshika kichwa, akamwambia nyanya yake, "Koko, hii maua yako ni kali! Hadi kichwa inaniuma. Mimi naenda kukaa nje." Akabeba kiti, akatoka nacho kwenye roshani, akafunga mlango.

Mama aliugeukia ule mlango. "Ni hiyo," alisema. "Ni hiyo hiyo kabisa." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Enzi zetu sebule zilikuwa za wageni na jua lilifungiwa nje. Hawa wa leo wanalala kwenye kila kiti na kuacha kila dirisha wazi, na nilizoea kuwasema kwa hilo. Siku hizi nanyamaza. Zilikuwa Krismasi nzuri, sitakudanganya. Lakini ningekubali tukose ile nyota, tukose hata ruhusa ya kukaa sebuleni, mama apate jioni moja tu ya harufu ile wakati pua yake ilikuwa bado inasikia.