Uvimbe Usiouma

Harufu ya majani mabichi yaliyotwangwa ikinipata sokoni, huwa nasimama hata nikiwa na haraka. Namwona tena mama, ameketi nyuma ya jiko letu la Butembo, kitenge kimeshushwa hadi kiunoni, nami namtwangia dawa. Nilidhani ana jipu.

Dada yake mkubwa alifika kutoka Musienene na kikapu cha viazi, akatukuta hivyo. Mama hakupata nafasi ya kujifunika. Ziwa moja lilikuwa limebonyea upande, ngozi yake ina vishimo kama ganda la chungwa.

"Tangu wakati gani?" mama mkubwa akauliza.

"Haiumi. Donc, basi, hapana kitu."

"Mama yetu alisemaka vile vile."

Mchi ukanisimama mkononi. Nyanya alikufa kabla sijazaliwa, na nyumbani hakuna aliyewahi kusema kilichomuua.

"Kule hospitali bataikata," mama akasema polepole, akiligusa ziwa.

"Bataikata, na utabakia na batoto bako."

Mama alinitazama, kisha akajifunga kitenge. Asubuhi iliyofuata walikwenda hospitali, na baadaye ziwa likakatwa.

Aliporudi, kwa wiki nyingi alivaa nguo akiwa amefunga mlango. Jumapili moja, baada ya misa, aliniita chumbani, akafungua blauzi, akauweka mkono wangu juu ya kovu. Nilitaka kuuondoa, lakini aliushika.

"Gusa, usiogope. Ukikomaa, utakuwa unajigusa vile. Siku utasikia kitu, hata kama haiumi, hapana kungoja."