Kitabu Ambacho Mama Solina Hakukisoma

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona, na nikiyafumbua haiondoki. Uliponiomba juzi nikuandikie majina ya riwaya za kuwapa wasomaji wa maktaba yenu, za vijana upande huu na za watu wazima upande ule, nilikaa na kalamu asubuhi nzima nisiandike hata jina moja. Si kwamba nimesahau vitabu. Ni ile siku iliyokuja ikanikalia mbele ya karatasi. Basi nivumilie kidogo nikusimulie, maana sijui kukushauri kwa njia nyingine.

Ilikuwa hapa hapa mtaani kwetu Nyamirambo, mwishoni mwa mwaka 1993. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, nimemaliza sekondari, najua Kifaransa cha kujivunia, na kazi sina. Baba mkubwa wangu, Mzee Sefu, alikuwa fundi wa kushona kanzu na sare za shule. Babu yake alifika huku kutoka Ujiji na biashara ya vitambaa, na Kiswahili cha nyumbani kwao hakikupotea. Mzee Sefu alipenda riwaya kuliko alivyopenda kula. Madereva wa malori waliomjua walimletea vitabu vilivyokwisha kusomwa, kutoka Dar es Salaam, Bujumbura, Bukavu. Alivipanga kwenye rafu tatu mkabala na cherehani lake, katika duka lililokuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na watu wakaja kuazima. Aliponiweka dukani aliniambia kazi yangu ni moja: mtu akiuliza asome nini, nimjibu.

Niliipenda kazi ile, mwanangu, na ikanipanda kichwani. Nilijifanya daktari. Mtu akiingia nilimtazama viatu, nikamsikiliza sentensi mbili, nikajua, au nilidhani nimejua, apewe kitabu gani. Wasichana wa shule niliwapa mapenzi yenye machozi kidogo. Wanaume wa gereji niliwapa wapelelezi. Vile vizito, ambavyo mtu akivimaliza hukaa kimya siku mbili, niliwawekea wachache niliowaona wanastahili.

Wa kwanza kati ya hao alikuwa Faustini. Alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, kijana wa shati jeupe na maneno ya upole. Alisoma kama mtu anayekunywa maji. Akirudisha kitabu alikaa kwenye benchi akakieleza mpaka ukatamani kukisoma upya. Nisikufiche, nilikuwa nikivaa mtandio mzuri siku ninayojua atakuja.

Sasa, siku yenyewe. Aliingia mama mmoja muuza nyanya wa soko la karibu, tuliyezoea kumwita Mama Solina. Alikuwa mjane, Mkatoliki, mwenye mikono mikubwa iliyopasuka. Kiswahili chake kilikuwa kile cha sokoni kwetu. Nilijua ni Mtutsi, kama watu wote wa mtaa walivyojua ya kila mtu. Enzi zile kabila liliandikwa kwenye kitambulisho. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini tangu mwaka 1990, na redio zilikuwa zikisema maneno ambayo sisi tulijizoesha kuyasikia huku tukipika.

Akasimama mlangoni, akavua kandambili kana kwamba anaingia msikitini.

"Dada," akasema, "mimi nimejua kusoma sasa. Walitufundisha kule parokia, miaka mbili. Nipatie kitabu. Ile ndefu, ya watu wakubwa."

Nikampa ukurasa wa kitabu kilichokuwa mezani, nikamwambia asome nione. Sikuwa na haja ya kufanya hivyo. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, jasho likimtoka. Benchi lilikuwa na watu wanne, Faustini mmojawapo. Nikaona anatabasamu. Nikataka atabasamu zaidi.

Nikainama kwenye boksi la chini, nikatoa kijitabu cha sungura chenye picha za rangi, nikamwekea mbele. "Anza na hiki, mama. Ukifika darasa la tatu utarudi."

Watu wakacheka. Faustini naye akacheka.

Mama Solina alikifungua, akatazama picha moja, akakifunga polepole. "Hii iko ya watoto," akasema.

"Ndicho kipimo chako."

Akanitazama bila hasira, na afadhali angekasirika. "Mimi nimezaa watoto tano, dada. Nimezika mbili. Sungura itaniambia nini?"

Akavaa kandambili zake akaenda.

Cherehani lilikuwa limenyamaza. Mzee Sefu hakusema kitu mbele za watu, hilo halikuwa tabia yake. Alingoja benchi likawa tupu, kisha akaniita nikae karibu na miguu yake, kama nilipokuwa mdogo.

"Mwajuma," akasema, "umempima yule mama kwa kidole."

"Lakini baba mkubwa, hajui kusoma. Umemsikia mwenyewe."

"Nimemsikia. Anasoma kama mtoto. Lakini haishi kama mtoto. Amekuja kukuomba mtu wa kuongea naye, wewe ukampa picha." Akachomoa uzi uliokwama kwenye sindano. "Na huyu kijana wako anayemaliza kitabu kwa siku mbili. Umewahi kumwuliza kimemfanya nini?"

Nikasema Faustini anaelewa kila kitu.

"Kuelewa ameelewa," akasema. "Sikuuliza hilo."

Moyoni nilisema mzee ana wivu wa ujana.

Alitafuta kwenye rafu siku kadhaa. Akachagua riwaya moja iliyotoka Kigoma, isiyo nene, yenye herufi kubwa na sentensi fupi. Ilikuwa habari ya mwanamke muuza chumvi ambaye mumewe alikwenda migodini. Huku nyuma mtoto wao anakufa. Baada ya miaka tisa mume anarudi, anabisha hodi, na swali lake la kwanza anamwuliza mtoto yuko wapi. Hakuna neno gumu humo, mwanangu. Msomaji wa mwaka wa kwanza anaimaliza. Lakini mimi, mwenye Kifaransa changu, nilipoisoma nilishindwa kula. Mzee aliishonea jalada jipya la kitambaa cha kaki, kwa kuwa lile la zamani lilikuwa limechanika. Akaniwekea mkononi.

"Mpelekee mwenyewe," akasema. "Na umwombe radhi."

Nikasema ndiyo. Mzee aliniuliza mara mbili, na mara zote nilisema kesho.

Kwa nini sikwenda? Si mbali. Kutoka dukani mpaka sokoni ni mwendo wa kumaliza ndizi moja. Niliona haya. Nilijiona nimesimama katikati ya matenga ya nyanya na vitunguu, wauza mboga wote wananisikiliza ninapoomba msamaha. Ukaja mwezi wa Ramadhani, nikasema baada ya Idi. Idi ikapita. Ndipo Faustini akaja dukani, akakiona kile kitabu cha jalada la kaki chini ya meza.

"Hicho mbona umekificha?"

"Kimewekewa mtu."

"Nani?"

Nikaona haya kulitaja jina la muuza nyanya. Nikampa.

Alikirudisha Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka ya mwaka 1994. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nililia, Mwajuma," akaniambia. "Pale mume anapouliza mtoto yuko wapi. Niliweka kitabu chini nikalia kama mtoto." Nami nikamwamini, na hata leo naamini alilia kweli. Nikafurahi kwamba nimempa mtu anayejua thamani yake. Nikasema, sasa nitampelekea Mama Solina, wacha sikukuu yao ipite.

Pasaka ikapita. Alhamisi asubuhi redio ilitangaza kwamba rais amekufa na watu wote wakae majumbani mwao.

Mauaji yaliyofuata unayajua, mmefundishwa shuleni, na mimi sitayasimulia yote. Siku ya pili Mzee Sefu alitoka. Hakutuaga, alichukua tu kanzu ya zamani na shuka kubwa. Alikuwa amekwenda kumchukua Mama Solina na watoto wake watatu, awafunike, awalete kwetu. Alirudi peke yake. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akaweka mguu kwenye pedali asishone.

"Nimekuta mlango wazi," akasema. Baadaye sana akaongeza, "Wote wanne."

Sikulia, mwanangu. Sijui ni kwa nini. Nilikwenda nikalitazama jalada la kaki, nikaligeuza upande wa pili.

Baada ya wiki moja maji yaliisha nyumbani, nikatumwa na shangazi tuliyekuwa tukiishi naye kwenye bomba la chini. Njiani palikuwa na bariyeri, magogo na kreti za bia zilizopangwa kukata barabara, na vijana wakiuliza vitambulisho. Nilipofika nilimwona Faustini. Hakuwa na shati jeupe. Alikuwa na panga, na panga lile halikuwa safi. Aliponitambua uso wake ulichangamka kama zamani akiingia dukani.

"Mwacheni apite, namjua huyu," akawaambia wenzake. Kisha akanisogelea, akanisemesha kwa upole ule ule. "Msalimie mzee. Ile riwaya ya muuza chumvi, mwandishi wake ana nyingine?"

Na mimi nilimjibu. Hilo ndilo linaloniuma miaka yote hii. Ndoo ilikuwa inanigonga goti, na mdomo wangu ukamjibu kama ulivyozoea. "Nitatafuta," nikasema.

Sijui kama ni yeye aliyefika nyumbani kwa Mama Solina. Walikuwa wengi. Sikuuliza wakati ule kwa woga, na vita vilipokwisha alikuwa amekwisha kuvuka mpaka na wenzake, sikumwona tena. Nilichokijua ni hiki tu: yule niliyemwona mtu wa kustahili vitabu vyangu vyote bora alisoma, akaelewa, akalia, akafuta machozi, akaenda kusimama pale. Na yule aliyetaka kimoja tu, mimi nilimnyima.

Julai tulifungua duka. Rafu moja ilikuwa imevunjwa kuni. Nilichukua kile kitabu nikaenda mpaka nyumba ya Mama Solina. Usiniulize nilikuwa nafikiri nini. Nilikuta watu wengine wamehamia, waliorudi kutoka uhamishoni, nao wana misiba yao. Mwanamke mmoja akanifungulia, akaniuliza namtafuta nani. Nikageuka nikarudi nacho.

Mzee Sefu aliishi miaka michache baada ya hapo. Aliendelea kushona, lakini mtu akimwuliza asome nini alijibu, "Mwulize Mwajuma." Hakuwahi kunilaumu. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Watu husema riwaya huulainisha moyo. Nimewahi kuyasema hayo mbele ya wanafunzi, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nikajilaza na viatu. Siyajui tena, mwanangu. Nimekwisha kuona moyo uliolainishwa na kitabu ukifanya kazi gani. Kama kuna mtu anayejua dawa ya jambo hilo, mimi sikupata kukutana naye. Nimewapa watu vitabu maisha yangu yote kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa, si kwa sababu najua vinawafikisha wapi.

Lakini umeniomba ushauri, na mtu mzima hamfukuzi kijana mikono mitupu. Usipange wasomaji wako kwa miaka ya shule. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyezika mama yake mpe riwaya ya watu wazima, na mzee anayetaka kucheka mpe ya vijana, wala usimtazame kwa jicho la pembeni. Anayesoma kwa kidole mtafutie herufi kubwa na sentensi fupi, lakini humo ndani pawe na mambo ya umri wake: ndoa, mazishi, ardhi, aibu. Vitabu hivyo vipo, vinataka tu mtu wa kuvitafuta kwa bidii kama baba mkubwa wangu. Anayesoma kwa kasi na kusema vizuri usimvulie kofia. Mwulize kile alichokiuliza mzee, kitabu kimemfanya nini, hata akikasirika. Usimtie mtu mtihani mlangoni. Na ukishajua kitabu cha mtu ni kipi, mpelekee siku hiyo hiyo. Ukiwa umemkosea, tangulia na radhi, kitabu kifuate. Usiseme Idi ipite, usiseme Pasaka ipite. Mimi nilidhani Mama Solina atakuwa pale pale kwenye nyanya zake mpaka haya yangu iishe.

Haya ndiyo niliyo nayo. Nenda, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akuwekee watu wako hai mpaka uwafikie. Akupe ulimi usiomdhalilisha mtu, na miguu isiyongoja kesho. Na wale wanne, awapokee kwa upole ambao mimi sikuwapa. Amina.